Vigwe vya Kasuku

Watu wa kiwanda cha mbao walimpa mzee mmoja mchukuzi jina la Kasuku, naye hakuwahi kulikataa jina hilo. Miaka yote aliyochukua mbao kwa mkokoteni wa farasi, aliongea na mnyama wake tangu langoni mwa kiwanda hadi kwa mafundi wa samani: alimsifu, alimtania, alimsimulia udaku wa mtaa, alimwomba radhi kwa mwinuko wa barabara. Farasi, jike la kijivu lenye kifua kipana, alitega sikio moja na kwenda alikotakiwa. Kisha kiharusi kikamwangusha Kasuku bafuni, kikachukua upande wake wa kulia, na ulimi nao.

Binti yake, mshona mapazia, aliiacha cherehani akaichukua kazi ya baba. Kaka yake alimpa hadi Jumamosi. Mnunuzi amekwisha patikana, alisema, na mnyama anayekula bila kuvuta ni sawa na mgeni aliyesahau kuaga. Binti alijua tu kwamba banda la farasi likibaki tupu, baba yake, ambaye kitanda chake kilisogezwa dirishani ili alione, angegeukia ukuta.

Kuvisha matandiko hakukumshinda, kwa kuwa alimsaidia baba tangu utotoni. Kola nene ya ngozi ilikaa shingoni na kuegemea mabegani, maana mabega ndiyo yanayovuta. Mkanda wa tumbo haukupaswa kubana pumzi. Vidoto vilisimama pembeni mwa macho ili magari yasimtishe. Lijamu, kile chuma cha mdomoni, alilipasha joto kwanza viganjani. Na kutoka kwenye lijamu, vigwe viwili vya ngozi vilirudi nyuma hadi mikononi mwa mwendeshaji. Kilichomshinda ni kuondoka.

Alimwongoza farasi kwa mkono hadi kiwandani, mbao zikapakiwa, akapanda, akatumia maneno ya baba yake yote aliyoyakumbuka. "Haya bibi harusi, twende, wenzio wamekwisha fika." Farasi alisimama. Binti aliiga sauti ya baba, akaiga hata kikohozi chake. Farasi alirudi nyuma na kuligonga lango kwa mkokoteni.

"Dada, huyo anasubiri mahari," mpakiaji mmoja alimwambia. "Bibi harusi gani anayeondoka bure?"

Wenzake walicheka hadi wakaketi juu ya magogo. Binti naye alicheka, kwa kuwa hakuwa na jingine la kufanya. Ikawa hivyo juma zima.

Ijumaa jioni aliingia chumbani mwa baba na matandiko ili kuyapaka mafuta, kama baba alivyozoea kufanya. Aliketi sakafuni, lijamu mapajani, akimsimulia habari ya lango. Vigwe vilitambaa juu ya shuka. Mkono wa kushoto wa baba ukavitafuta, ukavishika vyote viwili, kimoja juu ya kidole cha shahada, kingine chini yake.

Lijamu likagusa viganja vya binti, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Alidhani ni bahati tu. Likagusa tena. Alipoinua macho, baba alikuwa akiitazama mikono ya bintiye. Binti akalishika lijamu sawasawa na kufumba macho.

Mguso ule ulikuwa wito: sikiliza. Kigwe cha kushoto kikakazwa kidogo, akageuza kichwa bila kuambiwa. Kikafuata cha kulia. Vyote vikashikwa imara: simama. Kisha vikalegea, naye akangoja.

"Baba, mbona umeniachia?"

Baba alirudia: wito, kisha kulegea. Mara ya pili akarudia, na binti akajikuta ameinamia mbele. Hapo akaelewa. Kulegea ndiko kulikosema nenda. Naye juma zima, kwa hofu, alikuwa amevikaza vigwe huku akipiga kelele za kuondoka. Farasi alikuwa amemtii.

"Kwa hiyo porojo zote zile," aliuliza polepole, "hakuelewa hata moja?"

Mabega ya Kasuku yalitikisika kwa kicheko kisicho na sauti. Mama alipoingia na chai, alisema hajapata kumwona mzazi akimtia mtoto wake hatamu, tena mtoto mwenyewe akiona raha.

Asubuhi kaka alisimama kwenye lango la nyumbani na mnunuzi. Binti alipanda mkokoteni kimya. Aligusa vigwe, akaona masikio ya farasi yakimgeukia, kisha akafungua vidole. Kola ilikazana mabegani, magurudumu yakalia, na kaka akamvuta mnunuzi pembeni ili wapite.

Chini ya dirisha la baba alianza kuongea na farasi kwa sauti kubwa. Alimsimulia ni nani mtaani aliyegombana na nani, na kaka yake alivyoruka kando, na hakuacha neno hata moja.