Maongezi ya Mbele ya Karai

Binti yetu alipotuletea kikaangio cha umeme, kile kinachokaanga kwa hewa moto, nilimshukuru kwa dhati. Miguu yangu ilikuwa imechoka kusimama mbele ya karai. Sasa ilitosha kukata viazi, kuvipaka mafuta kidogo, kuvitia ndani na kubonyeza, kisha naenda zangu sebuleni kujinyoosha. Mume wangu, fundi cherehani, alibaki barazani na redio yake. Chakula kiliiva upesi, tukala, kila mtu na lake.

Tukaishi hivyo, hadi jioni moja nilipomkuta amekaa jikoni kwenye kigoda, anakitazama kikaangio kinavyonguruma.

"Baba watoto, unakilinda kisitoroke?"

"Nalikumbuka karai," akasema. "Wewe ukigeuza viazi, mimi nakuhadithia vituko vya wateja. Yule bwana harusi aliyenenepa kabla suti haijaisha, nilikusimulia hapa hapa."

Nilikumbuka. Siku ile nilicheka hadi viazi vikaungua, na watoto wakavila vivyo hivyo. Hata jina la binti yetu tulilichagua mbele ya karai lile.

"Kwani siku hizi hakuna vituko?" nikamuuliza.

"Vipo tele. Nimsimulie nani?"

Nikavuta kigoda kingine, nikakaa. Akaanza na habari za mama mmoja aliyeleta pazia akitaka ashonewe gauni. Kikaangio kikalia kwamba viazi vimeiva. Tukaviacha vipoe humo humo, maana hadithi ilikuwa haijafika hata nusu.