Chai Niliyomchagulia Shangazi wa Irlande

Chai ilipogusa lile jiwe jeusi la volkano, jiwe lilitoa mvuke. Ulipanda kidogo, mweupe, ukapita kwenye pindo la kitenge cha Tantine Bénédicte, ukapotea. Yeye alikuwa bado ameinamisha kikombe, akingojea tone la mwisho, kama mtu anayemwagilia ua.

"Musinichukulie vibaya," akasema, akikirudisha kikombe mezani. "Kwetu kule Irlande, chai ya namna hii tunaoshea vikombe. Ya kwetu ya asubuhi ni nzito, inaamusha mutu."

Upande wa wageni ukacheka. Mama yangu akacheka pia, kicheko kifupi kilichochelewa, kama mtu aliyekanyagwa mguu kanisani na hataki kusumbua misa.

Hiyo ilikuwa siku ya utambulisho, uani kwetu Mabanga. Familia ya Julien Tuyisenge ilikuja kupiga hodi kwa ajili ya dada yangu Umwiza. Bénédicte, Tantine kwa maana ya shangazi, ni dada wa marehemu baba yake Julien. Alikwenda Irlande, huko Ulaya, Julien akiwa mtoto, akazeekea huko kidogo, akarudi kwa ajili ya harusi, akiwa na miwani mikubwa na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

Kwetu, familia zilizoshuka kutoka Rutshuru na Masisi, mgeni akipewa kitu asichokipenda hugusisha midomo, akakiweka chini, na hakuna atakayemuuliza. Lakini kumwaga alichokupa mama wa nyumba, kwenye ardhi yake, mbele ya watoto wake? Kuna koo zimeacha kuzikana kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Siku iliyofuata mama alivifunga vikombe vyake kwa magazeti, akavitia kwenye katoni, akaisukuma chini ya kitanda. Kuanzia hapo mgeni akifika alipewa Fanta. Nilipouliza, alisema sukari imepotea sokoni. Sukari ilikuwa ndani, kwenye kopo lake. Niliiona.

Mimi nikinyamaza, wanaonijua huanza kuondoa vyombo vinavyovunjika.

Kazi yangu ni kuchomelea milango na madirisha kule Ndosho. Lakini jina langu, Lévi, halijulikani kwa milango. Linajulikana kwa ushairi. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nikiweka simu mfukoni, wazee waliorekodiwa wakisifu ng'ombe wa mahari sikioni mwangu, huku mikono yangu ikisugua chuma. Nilijifunza mahali wanapovuta pumzi, mahali wanapomwacha msikilizaji akining'inia. Kisha nikaanza kutunga yangu kwa mapigo ya nyundo. Baada ya miaka michache familia zilianza kunitafuta zenyewe. Nilijua thamani ya ulimi wangu, na sikuona sababu ya kuificha.

Ndiyo maana Muzee Habarurema, kaka yake mama, aliponiita na kusema kifua chake hakitaweza kusimamia maneno siku ya mahari, nilihisi mlango umefunguliwa.

"Utasema weye," aliniambia. "Mimi nitakaa pembeni. Ukizidisha, nakukanyaga muguu."

Anayejua mahari yetu ataelewa furaha yangu. Siku hiyo familia mbili huketi zikitazamana, na msemaji wa upande wa msichana hukataa. Hujifanya hawajui wageni, huwazungusha, huwatolea masharti ya ajabu, na upande wa mvulana lazima umeze yote kwa tabasamu, kwa sababu wote wanajua ni mchezo. Ni mchezo kweli. Lakini ndani yake mtu anaweza kuficha kisu, na aliyechomwa atalazimika kupiga makofi.

Nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka mwanamke yule asimame mbele ya watu wote, anywe chai ya nyumba yetu mpaka tone la mwisho, na akiri kwa kinywa chake kwamba hajawahi kunywa nzuri kuliko hiyo. Na ili asipate mahali pa kutorokea, chai hiyo iwe ya kwao. Ile nzito wanayofungulia kinywa asubuhi, ile aliyoisifu huku akimwaga ya mama.

Nikapanda pikipiki mpaka Himbi, kwenye maduka yanayouza vyakula vya kizungu karibu na ziwa. Katika duka la tatu au la nne nilimkuta Sikuli, mfanyabiashara wa Butembo, mnene, kalamu sikioni.

"Natafuta chai ya asubuhi ya Irlande."

Alinitazama mikono yenye makovu ya moto. "Unaoa Muzungu?"

"Naozesha dada."

"Kwa Muzungu?"

"Kwa mutu mwenye shangazi."

Alicheka mpaka akashika kaunta. "Shangazi ni mubaya kuliko Muzungu! Ingia, kaka, ingia."

Akaweka pakiti mbele yangu. Ya kwanza ilikuwa kopo zuri lenye jani la kijani. "Hii batu banaipendea picha," akasema, akafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na vumbi la kahawia lililonuka katoni, na tarehe chini ya kopo ilikuwa imepita. Ya pili ilinuka manukato, kama mtu aliyepita akiwa amejipaka ganda la ndimu. "Acha hiyo. Ni ya kunywa jioni na kuongea polepole."

Ya tatu ilikuwa kwenye boksi baya, halina hata picha. Lakini ndani kulikuwa na mfuko wa karatasi ya fedha, na humo punje ndogo ngumu, nyeusi, zinazolingana, zikianguka kiganjani kama mchanga wa volkano.

"Bananusaje?" nikauliza.

"Ingiza pua kama mutu asiye na haya."

Nikaingiza. Na nilichokutana nacho kilinishtua, kwa sababu nilikijua: harufu ya mtama uliochipuzwa na kuanikwa juani, ule ambao bibi yangu alikuwa akiutandaza kwenye mikeka kabla ya kupika pombe.

"Irlande hawana hata shamba moja la chai," Sikuli akasema. "Bananunua kule Assam, India. Ndiyo inaleta huo uzito unaonusa. Halafu banachanganya na ya huku kwetu, Kenya, Rwanda, juu ya kupata rangi. Shangazi yako anaringia majani yaliyotoka nyuma ya ile milima." Alielekeza kidole ng'ambo ya mpaka bila kutazama. "Usiichemushe ndani ya sufuria kama ya kwetu, itakuwa kali bure. Na huku kwetu milimani maji yanatokota mbele ya kufikia moto wake. Pasha birika kwanza, mwaga maji yakiwa yanaruka, funika, ngojea. Chai nzuri utaijua kwa maziwa."

"Kwa maziwa?"

"Ile mubaya, maziwa yanaiua. Ile nzuri inabaki nyekundu."

Nilichukua boksi lile baya, na pakiti nyingine iliyoonekana kuwa ya maana, nikaenda kuzijaribu uani kwetu. Nilipasha birika, nikafunika, nikangoja nikisema beti kimoyomoyo ili kupima muda. Nikatia maziwa ya Masisi. Kikombe cha pakiti nyingine kiligeuka kijivu, kama maji ya kufulia. Cha boksi baya kilipokea maziwa kikabaki na wekundu wa tofali lililotoka tanuruni. Nikaonja. Ilikuwa na nguvu ya kumwamsha mtu na kumkalisha wima. Niliipenda, na jambo hilo lilinikasirisha.

Umwiza alitoka na beseni la nguo, akasimama.

"Unapika chai ao unapika sumu?"

"Chai."

"Naona macho yako, Lévi." Akaliweka beseni chini. "Nami nilikuwa pale. Nilimuona mama akicheka. Unafikiri mimi silali na kicheko kile?"

"Basi niache nifanye kazi yangu."

"Julien ni wangu. Ukimuaibisha shangazi yake, akanyanyuka na batu yake wote, weye utarudi Ndosho kuchomelea milango. Ni mimi nitabaki na mulango uliofungwa."

Alichosema kilikuwa kweli, na sikubadilisha chochote.

Siku ya mahari mahema mawili yalitazamana. Umwiza alifichwa ndani, kama inavyopaswa, mpaka neno la kumtoa litamkwe. Mama aliketi katikati ya wanawake, vazi la mushanana begani, mikono mapajani. Niliwazungusha wageni vizuri. Niliwaambia wamepotea njia, niliwauliza kama wanatafuta mbuzi. Msemaji wao, Mzee Viateur, mtu mwepesi wa kinywa, alipokea kila kitu kwa unyenyekevu unaochekesha. Watu walifurahi.

Kisha nikaamuru vikombe vipangwe mbele ya wakubwa wote wa mstari wao wa kwanza, na birika kubwa, lililojaa, liwekwe kwenye meza yangu. Nikamimina kikombe kimoja tu, nikatia maziwa, nikampelekea Bénédicte kwa mikono miwili. Nikarudi kusimama kando ya mjomba, nikainua sauti:

*Mwenye kiu ya ng'ambo, karibu, kiti ni hiki,*
*mwana wa nyumba kazunguka, majani kayachagua.*
*Kunywa, usibakize, ardhi yetu haina kiu,*
*ina mvua yake, haiombi ya mgeni.*

Waliokuwepo siku ya utambulisho walielewa mara moja. Niliona vichwa vikigeukiana. Julien, ndani ya suti yake, alishika magoti. Uzito wa kiatu cha Muzee Habarurema ukashuka taratibu juu ya mguu wangu. Nikaendelea.

"Hatutoi mutoto mpaka shangazi asimame, anywe, atuambie mbele ya batu wote kama amewahi kunywa nzuri kuliko hii."

Bénédicte akasimama. Akanywa. Nilimtazama kama fundi anavyotazama chuma kinachokaribia kupinda.

Hakupinda. Alifumba macho, akanywa tena, akamaliza, na alipoyafumbua uso wake wote ulikuwa umefunguka.

"Yesu wangu! Hii ni yenyewe! Hata kwangu sijakunywa kama hii!" Akawageukia watu wake. "Mumeona namna bananiheshimu? Kijana amezunguka muji muzima juu yangu mimi!"

Makofi yakalipuka pande zote mbili. Akanijia, akanikumbatia, akaniambia karibu na sikio, kwa upendo kabisa, "Unaona sasa, mutoto wangu? Nilisema kidogo tu, mukajifunza."

Nilikuwa nimechagua vizuri kupita kiasi. Kisu changu alikipokea kama ua. Nilikuwa bado natafuta ubeti wa kumrudishia, mimi niliyejisifu kwamba sikosi neno. Yeye alikuwa amesharudi kwenye kiti chake, amenyoosha kikombe mbele ya wote.

"Ongeza."

Hapo mama akasimama.

Mama wa msichana hanyanyuki wakati ule. Alikuja mezani kwangu bila haraka, akainua birika. Lilikuwa zito, kifundo cha mkono wake kilipinda. Mvuke ulikuwa ukitoka kwenye mdomo wa birika. Akalibeba mpaka mbele ya kile kikombe kilichonyooshwa, akasimama nalo hapo, juu yake kabisa.

"Imekwisha, Mama Bénédicte," akasema.

Alisema kwa sauti ile ile anayowasalimia watu baada ya misa. Kisha akageuka, akalirudisha birika mezani. Lilitua kwa mlio mzito, na chai kidogo ikaruka kutoka mdomoni ikalowesha kitambaa.

Bénédicte aliutazama mdomo wa birika. Akamtazama mama, aliyekuwa anarudi kwenye kiti chake. Akamtazama Julien, ambaye jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola. Angeweza kuondoka. Mkoba wake ulikuwa miguuni pake, na niliona mkono wake ukiugusa. Pazia la mlango wetu lilitikisika kidogo, na nilijua ni nani alikuwa nyuma yake.

Bénédicte aliuacha mkoba. Akakishusha kikombe kwenye kisahani, akakifunika kwa viganja vyote viwili.

"Asante, mama," akasema. "Nimeshiba."

Mzee Viateur alipiga makofi kabla ya mtu mwingine kuvuta pumzi. "Tumeshiba wote!" akapaza sauti, na upande wao wote ukalazimika kupiga makofi naye.

Muzee Habarurema aliondoa kiatu chake juu ya mguu wangu. Nikatamka neno la kumtoa msichana. Umwiza akatoka, akanipita bila kunitazama. Lakini alipofika mbele ya mama alipiga magoti, akakaa hapo muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

Wameoana, wana mtoto wa kike. Bénédicte amerudi Irlande, na kila anapopiga simu kwa Julien humwuliza habari za mama kabla ya za mtu mwingine yeyote. Watu hunisimamisha barabarani kuusifu ubeti wa siku ile. Ninauacha usifiwe. Mimi ninajua ni neno gani lilifanya kazi, na halikuwa langu.

Siku ile, ng'ombe walipomaliza kusifiwa, mama alinionyesha birika kwa kidevu, nilirudishe jikoni. Nililibeba kwa mikono miwili, bado la moto, kifuniko kikigonga kila nilipopiga hatua. Njia ilipita mbele ya mstari wao wa kwanza, ambako vikombe vitupu vilikuwa bado vimepangwa. Nilitembea polepole kwa makusudi, nikimtazama kila mmoja. Hakuna aliyeinua chake kuomba chai.