Mguno Katika Chumba cha Mtihani

Chuo kilimpa binti asiyeona chumba chake cha mtihani, pamoja na bibi mmoja, mwalimu mstaafu, wa kumwandikia majibu. Shida ilikuwa mdomo wa bibi huyo. Jibu likienda kombo tu, aliguna: "Mh!"

Msimamizi akapiga meza. "Mama, huko ni kumwonyesha majibu! Ukiguna tena, nafuta mtihani."

Binti akanywea. Bila mtihani huu asingehitimu.

"Jamani, nimesahihisha madaftari tangu ujana," bibi akajitetea. "Mguno unanitoka kama chafya."

"Basi, bibi, jaza maji mdomoni," binti akashauri.

Bibi akajaza funda la maji, mashavu yakatuna. Wakaenda vizuri hadi swali la mwisho. Binti akajibu, akasikia maji yakimezwa: gubu!

Akajua amekosea. Akabana kicheko, lakini jibu hakulibadilisha. "Msimamizi, nimemaliza. Kusanya."