Sifuri za Thadeus

Kila asubuhi nikifika ofisini Majengo nafuta vumbi, nawasha kompyuta, kisha namimina chai huku nikisubiri jina la Mudrik, wa chumba cha pili, lijitokeze kwenye kioo. Jumatatu ile yalijitokeza majina mawili. La pili lilikuwa Thadeus.

Chai ilimwagika mezani. Kaka yangu Thadeus tulimzika Kibosho mwezi wa tano, kihambani, kwenye shamba la ukoo, nyuma ya migomba. Wateja wakimuulizia, nilikuwa nasema ametoka kidogo.

Programu ile tuliitengeneza pamoja, ili kompyuta za ofisi ziongee zenyewe kwa zenyewe. Nikaliandikia jina lake: “Upo?”

“Nipo. Umekula?”

Ndivyo alivyozoea kuniuliza. Nikakaza moyo. “Huko kuna baridi?”

“Baridi na giza. Njoo.”

Nikafungua orodha ya anwani za kompyuta. Ya Mudrik: 192.168.0.7. Ya Thadeus: 192.168.000.007.

Thadeus aliwahi kuwa karani wa chama cha kahawa. Huko namba ya mkulima ilijazwa sifuri mbele, mtu asije akachomeka tarakimu. Anwani nazo alizijaza hivyo hivyo. Kompyuta ilikuwa moja, ila programu yetu ililinganisha herufi kwa herufi, ikaona watu wawili.

Mudrik akachungulia mlangoni, kajifunga kikoi mabegani.

“Dada Gladness, unaniuliza baridi kama daktari? Taa imeungua, dirisha halifungi. Si uje na chai!”

“Unatumia kompyuta gani?”

Akaacha kucheka. “Yangu iliungua Jumamosi. Bosi kanipa ya… ya stoo, ile ya marehemu. Nimeongeza jina langu, lake sikulifuta.”

Nikaandika mstari mmoja wa kuondoa sifuri za mbele kabla ya kulinganisha. Kidole kikasita. Nikiuhifadhi, yale majina yatakuwa moja, na litakalobaki si la kaka.

Nikabonyeza. Thadeus akapotea kwenye kioo, taratibu tu, kama mtu anayetoka bila kuaga.

Mzee Eliufoo akaingia na karatasi zake za kuchapwa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Kaka yako leo nitamkuta, au ametoka tena?”

Mudrik alinitazama, kisha akainamisha kichwa.

“Hajatoka, mzee,” nikasema. “Thadeus amefariki.”