Koti la Mzee Nathanaeli

Efrazia alikuja Mlola enzi za vijiji vya ujamaa, katumwa na Chuo Kikuu aandike namna tunavyoomboleza. Mkutano wa kijiji ulimkubali kwa sharti moja: asikae pembeni kama mgeni wa serikali. Akashika jembe shamba la kijiji, akachota maji, tukampenda. Kwao ni Zirai, na ukoo wao na wetu ni watani tangu mababu. Msibani, mtani ndiye pekee anayeruhusiwa kumchekesha mfiwa, kwa hiyo tulikuwa na hamu ya kumwona kazini. Mungu anisamehe, msiba ukaja kwetu.

Baba yangu, Mzee Nathanaeli, alifariki wakati wa kuvuna maharage. Tulipokwisha kumzika, mama alijilaza mkekani barazani, akageukia ukuta, akakataa kula. Mchungaji akamwombea, mashangazi wakambembeleza, wapi! Hata uji hakuugusa. Niliogopa kweli. Niliona tutachimba kaburi la pili.

Na mtani wetu? Yuko pembeni ya ua, kainamisha kichwa, kalamu mkononi, heshima imemjaa mpaka inamwagika. Nikakasirika.

"Efrazia, mama anakufa na njaa, wewe unatuhurumia. Huruma tunayo ya kutosha. Mtani ni wewe tu."

"Naogopa kumkosea mama, dada Rahabu."

"Unamkosea sasa hivi."

Akaweka kalamu chini. Aliingia chumbani, akatoka kavaa koti la marehemu na kofia yake, bakora mkononi. Akapita katikati ya waombolezaji akichechemea, akakohoa kile kikohozi cha baba cha kudai chakula, akaketi kwenye kiti chake.

"Mama Rahabu," akasema kwa sauti nzito, "nimeondoka juzi tu, jiko limeshazimwa? Nimerudi. Huko nilikokwenda maharage hayana chumvi."

Mama akageuka. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Kumbe anacheka. Kisha kilio nacho kikaja, nami nikalia naye.

"Umekosea mguu," alisema akijifuta macho. "Mbovu ulikuwa wa kushoto. Na hakuwa akila peke yake. Rahabu, pakua ndizi, sahani moja."

Wakala pamoja, sahani ikabaki nyeupe.

Jioni Efrazia alivua koti, akalikunja vizuri, akamkabidhi mama kwa mikono miwili. Mama hakulipokea.

"Kaa nalo," alisema. "Kesho asubuhi nitakunywa chai na nani?"