Chai Isiyonuka Dawa

Mama yake Bibi Afya hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi, na vita vyake vya mwisho vilikuwa juu ya chai.

"Inanuka dawa," alilalamika kila asubuhi, akikisukuma kikombe kana kwamba kimemtukana. "Mnatunywesha maji ya kuoshea vyoo."

Binti yake ndiye aliyekuwa mkaguzi wa afya wa kata nzima. Watu walimpachika jina la Bibi Afya kwa sababu hapakuwa na jiko wala choo ambacho hakukichungulia. "Mama, hiyo harufu ndiyo ulinzi wenu," alimjibu. "Wewe kunywa tu."

Mama akanyamaza. Aliyemjua vizuri angeshtuka, maana yule mzee hakuwahi kunyamaza bure, lakini Bibi Afya alikuwa na haraka ya kazi.

Sasa, wiki chache baadaye, mama alikuwa hoi kwenye kitanda cha zahanati, macho yamezama, midomo imekauka. Majirani walikuwa wamelazwa mpaka kwenye korido, kila mmoja na ndoo yake ya kutapikia. Bibi Afya hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba ni maji. Alitoka mbio hadi kwenye mtambo wa maji, roho mkononi.

Mtambo ule ulikuwa chini ya mume wa dada yake. Alimkuta ameketi kando ya pipa la klorini, ile dawa ya maji, na pipa lilikuwa limejaa pomoni.

"Shemeji, dawa unatia kiasi gani?"

Shemeji akainamisha kichwa. "Mama alikuja hapa mwenyewe. Akasema mkwe mwema hawezi kumnywesha mama yake sumu. Nikapunguza kidogo. Akarudi, akasema bado inanuka. Nikapunguza tena."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aliponishukuru."

"Funga maji yote," Bibi Afya alisema, akageuka. Alirudi akilia barabarani mchana kweupe, bila kujali nani anamwona.

Wodini alikuta nesi amemwinua mama kichwa, anamnywesha maji ya chumvi na sukari. Mama alikuwa anakunywa! Tangu alfajiri alikuwa hajameza kitu kikakaa tumboni. Bibi Afya akashika ukingo wa kitanda kwa furaha.

"Haya ndiyo maji," mama alinong'ona. "Hata hayanuki."

Furaha ikamkatika. "Nesi, umeyachota wapi?"

"Hapo nje bombani, dada, kwani kuna pengine? Gesi ya kuchemshia imetuishia jana."

Bibi Afya akatupa macho kwenye korido. Vikombe vilikuwa midomoni kote. "Acheni kunywa!" akapiga ukelele, akakidaka kikombe cha mama.

Mama alikuwa amekikumbatia kwa mikono miwili, kwa nguvu zote zilizombakia. "Niachie, mwanangu," alisihi. "Nina kiu."

Bibi Afya hakuwa na tone jingine la kumpa. Akavuta.