Kuku Aliyeatamia Maji

Bwana Afya alimwamkia Costancia kwanza, ndipo akamwambia anamfungia mgahawa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa, chai ipo."

"Sikai, mama. Nimetoka Kilosa kikazi. Madereva wa malori wameharisha wiki hii, na wote walikula ugali kwako. Nina shaka na pipa lako la maji. Ikifika Ijumaa hujaonyesha kwamba maji yako ni salama, nafunga."

"Funga kwanza mdomo, nzi wasiingie."

Mimi nilikuwa naziba pancha mlango wa pili, nikayasikia yote, na damu ikanichemka kabla sijaelewa vizuri. Mwaka ule wa kipindupindu walifungiwa mama ntilie wote hapa barabarani. Bomba halikuulizwa hata swali moja. Mwaka wa mafuriko kule Kilosa, niliwasikia watu wazima wakiwalaumu wanawake wa Magomeni ya palepale eti wanaosha vyombo ovyo, wakati mto ulikuwa umepita juu ya vyoo vya mtaa mzima. Wenzangu husahau. Mimi sisahau. Katika nchi hii uchafu ukishuka kutoka juu, kesi hufunguliwa chini.

Huyo Bwana Afya, Brayan, hakuwa mtu mbaya. Kijana mpole, viatu vimeliwa na vumbi. Lakini upole wake haungemsaidia Costancia. Mama yule hana mume, hana shamba. Ana meza nne na jiko la mkaa. Akifungiwa, inabidi arudi Magole kwa kaka yake akapalilie mahindi ya watu, na kaka huyo alishamwambia mbele ya wifi zake kwamba siku biashara ikimshinda, njia ya kurudi anaijua.

Aliyetuokoa ni Upendo, mpwa wa Costancia, anayesomea mambo ya maji na aliyekuwa mafunzoni Kilosa. Alishuka kwenye basi Jumatano na chupa tatu ndogo, kila moja ina unga kidogo chini.

"Unajaza maji, shangazi, unaiweka mahali penye joto kama la mwili wa mtu. Yakibaki meupe, hatuna shida. Yakigeuka meusi, yamekutana na kinyesi."

"Kipimo hicho nakikubali," Brayan akasema. "Tuchote kwenye pipa."

"Na kwenye bomba analojazia pipa," nikasema.

Damiano, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kitongoji, alikuwa amesogea kusikiliza. "Bomba la nini tena? Bomba halina malalamiko."

"Halina mdomo, litalalamikaje?"

Upendo hakungoja tumalize. Alifunga uzi mwekundu kwenye chupa ya pipa. Akaenda bombani, akawasha kiberiti, akalichoma lile bomba mdomoni ili kuua vijidudu vya nje, Damiano akipiga kelele kwamba mali ya umma inateketezwa. Chupa ya bomba akaifunga uzi wa kijani. Ya tatu akaitia maji aliyoyachemsha mwenyewe yakapoa, akaiacha bila uzi. "Hii ni ya kulinganishia," akasema. Brayan akazizungushia zote karatasi ya gundi na kutia sahihi juu, mtu asije akabadilisha.

Upendo alikuwa na kisanduku cha joto cha umeme. Akakichomeka kwangu, taa yake ndogo ikawaka nyekundu, na papo hapo umeme ukakatika. Tukasubiri. Wapi.

"Kwa baridi hii ya Juni, jibu halitatoka Ijumaa," akasema, na sauti ilianza kukatika kama umeme wenyewe.

Sasa, pale kibandani kwangu kuna tairi bovu la lori, na ndani ya tairi lile kuku wangu mwekundu alikuwa ameatamia mayai, hataki mtu.

"Joto la mwili unalolitafuta," nikamwambia, "lile pale, limekaa bure."

Brayan akacheka. "Mzee Melki, kuku si kifaa cha maabara."

"Hakatikikatiki lakini."

Upendo alichukua kipimajoto, akakisukuma chini ya kuku, akadonolewa mkono hadi akaruka. Akakisoma huku akijinyonya kidole. "Linatosha! Tena afadhali kuliko kisanduku."

Chupa tatu zikaingia katikati ya mayai. Kuku akazisogeza kwa mdomo, akazikagua, akazilalia.

Habari haikukaa. Jioni ile makondakta walikuwa wanachungulia madirishani: "Mzee Melki! Akitotoa maji utamlisha nini?" Mwingine: "Akitoa soda, niwekee ya baridi!" Brayan, aliyepanga gesti ya jirani, alikuja kukagua sahihi zake asubuhi na jioni, na kila akija watu walimdai salamu: "Msalimie mkubwa wako wa kazi!" Mwisho akainama kwenye tairi, akasema, "Shikamoo." Kuku akamtazama kwa jicho moja. Marahaba hakupewa.

Ijumaa asubuhi palijaa. Upendo akaingiza mkono, akatoa yenye uzi mwekundu.

Nyeusi. Nyeusi kama chini ya sufuria.

Hakuna aliyecheka. Costancia alikaa kwenye jeki yangu, akajifunga upya khanga kiunoni kama mtu anayejiandaa kwa safari. "Basi," akasema. "Njia ya Magole naijua."

"Shangazi, ngoja. Tazama na hii."

Uzi wa kijani. Bomba. Nayo nyeusi tii. Na ile isiyo na uzi ilikuwa angavu, unaona vidole vya Upendo kwa upande wa pili.

"Kuku kazichafua!" Damiano akapayuka.

"Zote tatu kazilalia yeye," Upendo akasema. "Mbona hii hakuichafua?"

"Basi kuku ana upendeleo!"

Hapo watu walicheka hadi kuku akatoka tairini kwa hasira. Brayan peke yake hakucheka. Aliishika ile ya kijani juu ya jua, akauliza taratibu, "Mwenyekiti, tangi lenu linaloleta maji haya limefunikwa?"

"Limefunikwa."

Neno hilo nililijua. Tangi lilipopakwa rangi, miaka mitatu nyuma, mfuniko wake wa chuma uliteremshwa. Niliuliza mkutanoni umerudishwa lini. Nikajibiwa hivyohivyo, limefunikwa, na hoja yangu imechukuliwa, itafanyiwa kazi. "Twende tukaone," nikasema. "Leo tuifanyie kazi."

Tulipanda kilima kundi zima. Juu ya tangi alikuwepo nyani, dume zima kutoka hifadhi ya wanyama ya jirani, amekaa ukingoni mwa tundu miguu ikining'inia, kama mgeni wa hotelini. Alituona, akamalizia hindi lake, gunzi akalitupa ndani, akaondoka bila haraka. Upendo alipanda ngazi akachungulia. "Magunzi," akatuita. "Manyoya. Na... jamani, msiniulize."

"Mfuniko uko wapi?" Brayan akauliza.

Damiano akatazama mbali. Wenzake wa kijiweni nao wakatazama mbali, na wote, maskini, walitazama upande mmoja: chini, kivulini kando ya barabara, ambako kuna meza ya drafti. Bamba la chuma la mraba, limelazwa juu ya tairi mbili, miraba imechorwa kwa rangi ileile ya buluu ya tangi.

Mwizi angeona aibu, angeuficha. Huu ulikuwa hadharani, watu wazima wanauegemea kila siku ya Mungu wakijadili serikali.

"Nilikuwa na kingi mbili," Damiano akasema kwa unyonge.

Wanaume wanne waliubeba kurudi kilimani, Costancia akitangulia na vigelegele, wachezaji wakifuata nyuma na visoda vyao vya kuchezea mifukoni wakibishana nani alikuwa anashinda. Tangi likamwagwa, likasuguliwa, likatiwa dawa, mfuniko ukafungwa kwa kufuli. Brayan aliamuru bomba lisitumiwe mpaka lipimwe upya. Costancia alisugua pipa lake kwa mchanga mpaka likalia. Na kwa kuwa umeme ulikuwa umerudi na hakuna aliyeuamini, chupa mpya zilipelekwa palepale tairini.

Kuku alitotoa siku zile zile. Vifaranga vilitoka vikikanyagana juu ya chupa, na chupa zote zilikuwa nyeupe, ya bomba na ya pipa.

Brayan akaichana karatasi ya kufungia mgahawa. Akabaki amesimama mlangoni pa Costancia, hajui aage au afanye nini.

"Unasimama nini?" mama akamwuliza, akimimina maji kwenye bilauri. "Kaa. Kunywa mwanangu. Hayo mkubwa wako ameshayapitisha."

Akakaa. Akanywa yote, akaomba na ugali.